Mita Mia Tatu

Mhandisi aliniandikia Jumatatu asubuhi, kabla hata sijafungua dirisha la duka: "Mwambie bi mkubwa aseme MIA TATU MITA, siyo MITA MIA TATU. Mchezo ndivyo unavyotaka."

Nilisoma ujumbe ule nimesimama mbele ya mashine ya fotokopi, kanga ya kufutia vumbi mkononi. Nikausoma tena kwa sauti, labda masikio yangu yangekubali kitu ambacho macho yalikuwa yamekikataa. Mia tatu mita. Hata mtoto wa chekechea hasemi hivyo. Mwulize ana miaka mingapi, hatakujibu "minne miaka". Sasa mimi, mtu mzima ninayeishi kwa kuwachapia watu barua na kuwasahihishia Kiswahili chao bila kuombwa, nirudi nyumbani nikamwambie mama yangu mzazi ageuze lugha kichwa chini miguu juu kwa sababu mchezo ndivyo unavyotaka? Nilimjibu neno moja tu: "Hasemi."

Nieleze. Kuna mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori. Unapakia mzigo, unaingia barabarani, na sauti ya mwanaume wa kigeni inakuelekeza pa kwenda. Kikundi chetu ni watu ishirini hivi ambao hatujawahi kuonana ana kwa ana, na kazi yetu ni kuuchokonoa mchezo huo. Tunaingia ndani ya makabrasha yake na kubadilisha vitu viwe vya kwetu. Mmoja anapaka malori rangi, mwingine anachora vibao vya barabarani, na mimi nilipewa sauti. Kiongozi wetu anaitwa Mhandisi, ingawa kwa maelezo yake mwenyewe anauza vitanda.

Kazi ya sauti watu huiona ya mchezo mpaka waishike. Simu inarekodi aina moja ya faili, mchezo unakula aina nyingine. Lazima uligeuze kila faili, liwe la njia moja badala ya mbili, kasi yake ilingane na ya mwenzake, na jina lisipishane na lile la asili hata herufi moja. Ukikosea, mchezo haukugombezi. Unafanya kama hujaweka kitu, unamrudisha yule mgeni wao aendelee kusema. Nilikuwa na mafaili hamsini na nane ya kugeuza, na Mhandisi alikuwa amesema kifurushi cha kuwagawia wachezaji kinafungwa Ijumaa.

Sauti niliyoichagua ilikuwa ya Mama, na si kwa kumpendelea. Mama yangu alikuwa utingo. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kiti cha pembeni kwenye lori la Baba. Alifunga maturubai, aliweka gogo nyuma ya tairi mlimani, alishuka kwenye matope kumwongoza Baba arudi nyuma, na njia nzima alikuwa akimtajia kona kabla hajaziona. Madereva wengine walimwita Mama Kata, kwa sababu hakuwahi kusema "geuka". Alisema "kata". Kwenye daftari la kampuni, hata hivyo, lori lile lilikuwa na jina moja tu, la dereva.

Mwaka jana goti la Baba lilikataa kazi, goti la mguu wa klachi, na kampuni ikamuaga kwa heshima zote. Tulikwenda tukiwa tumevaa tukavalika. Meneja alimpa Baba saa ya ukutani na cheti, akasema maneno mazuri, kisha akamgeukia Mama kwa tabasamu. "Na mama naye tunamshukuru sana," akasema, "kwa kumsindikiza mzee safarini." Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alimwangalia Baba, akimsubiri aseme neno. Baba akaiangalia saa.

Kumsindikiza. Kama mtu aliyemtoa mgeni mpaka barabarani, kisha akarudi zake kuosha vyombo! Nilikuwa nimekaa safu ya pili na nilihisi uso wangu unawaka moto.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililonitisha. Mama alipika kama kawaida, alicheka na majirani kama kawaida. Ila tangu siku ile aliacha kumwelekeza Baba. Kati ya sebule na kibaraza chetu kuna kizingiti kirefu cha saruji, na Baba kwa goti lile na ile fimbo hukisahau. Zamani Mama angempigia kelele kabla hajanyanyua mguu. Sasa nilimwona Baba akijikwaa pale mara tatu, Mama amekaa karibu kabisa anakunja nguo, na hakufungua mdomo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Mimi nilikuwa nimeusubiri mshindo huo mwaka mzima.

Jumapili, siku moja kabla ya ule ujumbe, ndipo tuliporekodi. Nilichomoa friji, nikafunga madirisha, nikamwomba jirani amfungie jogoo wake. Kisha nikamwingiza Mama ndani ya kabati la nguo la chumbani kwao, kwa sababu nguo zinakunywa mwangwi na huhitaji studio ya mtu. Alikaa kwenye kigoda katikati ya makoti, nikampa simu na karatasi ya maneno aliyoyaandika Mhandisi.

"Tafadhali geuka kulia," Mama akasoma. Akainua macho. "Huyu aliyeandika hivi amewahi kupanda lori?"

"Anauza vitanda."

"Nilijua. Lori la tani thelathini halibembelezwi kwa tafadhali. Mpaka umalize kusema tafadhali, kona imepita na mko mtaroni." Akaigeuza karatasi upande wa pili ambao haukuandikwa kitu. "Niwashie hii simu."

Na akasema. Kata kulia. Kata kushoto. Shikilia njia yako. Punguza, kuna mzani. Pale ambapo yule mgeni husema kwamba anatafuta njia nyingine, Mama alisema: "Umepitiliza. Tafuta pa kugeuzia, na safari hii nisikilize." Nilijiuma mkono nisicheke nikaharibu rekodi. Sauti yake ilikuwa ileile niliyoikumbuka utotoni nikisafiri nao likizo, nimelala nyuma ya viti, nikijua kwamba maadamu sauti ile inasema hatutaanguka.

Tukaingia kwenye umbali, wote mara mbili, mpaka tukafika wa mwisho. "Mita mia tatu," akasema Mama.

Na kutoka sebuleni, kupitia milango miwili, ikaja sauti ya Baba: "Sawa."

Nadhani ilimtoka tu. Miaka ishirini na miwili haifutiki kwa cheti. Barabarani ndivyo walivyofanya kazi. Utingo akitaja umbali, dereva anajibu, na hasemi "sawa" tupu. Anasema "sawa, utingo", ili ijulikane amemsikia yeye, siyo kwamba anaitikia redio au anaongea na usingizi. Utingo asipojibiwa hivyo hataji upande, anarudia umbali kwa ukali mpaka ajibiwe. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Mama alikuwa amekaa wima ndani ya kabati. "Sawa nani?" akauliza kwa sauti ya kufika sebuleni.

Nikasikia kiti cha Baba kikilia, basi.

"Sawa nani?" Mama akarudia. Akasubiri. Kisha akanirudishia simu na kutoka katikati ya makoti. "Haya, mengine malizia na hayo uliyonayo," akasema, akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Kwa bahati umbali wote tulikuwa tumeurekodi mara mbili. Nikamtumia Mhandisi mfano wa mafaili machache, na ndipo Jumatatu asubuhi nikapata ule ujumbe wa mia tatu mita.

Saa ya chakula nilifunga mlango wa duka, nikaliingia kabrasha la sauti mwenyewe. Mhandisi alikuwa na sababu, tena ya kijinga. Mchezo hauna sentensi. Una vipande, unavipanga foleni: kwanza faili la namba, kisha faili la kipimo, kisha faili la upande. Mia tatu, mita, kata kulia. Foleni hiyo waliipanga watu wenye lugha yao na haiwezi kubadilishwa. Lakini nani alisema kila faili lazima libebe walichokusudia wao? Nilikagua namba zote. Mia na mamia zilitumika kwa mita peke yake, na namba ndogo kwa kilomita peke yake. Basi ndani ya faili la namba nitaweka "mita mia tatu" nzima nzima, na faili la kipimo nitaliacha kimya. Niliruka ruka mwenyewe dukani kama aliyefaulu mtihani. Mteja aliyekuwa dirishani na kitambulisho chake cha kunakili aliniangalia, akaahirisha, akaenda zake.

Jumanne jioni nilijaribu nyumbani, kompyuta juu ya meza ya sebule. Baba kwenye kiti chake, Mama kwenye mkeka na sindano yake, mimi nikiendesha. "Mita mia tatu," akasema Mama kutoka kwenye kompyuta, na mara yule mgeni akadakia kwa Kiingereza chake cha puani, akitaja mita, kisha Mama akamalizia, "Kata kulia."

"Huyo nani tena?" akauliza Mama halisi.

Mchezo ukikuta faili lisilo na sauti yoyote, unahesabu kwamba halipo, unachukua lile la asili. Niliweka pumzi, haikutosha. Niliweka mlio wa kabati, ulisikika kama lori limevunjika ekseli. Nilimwandikia Mhandisi, naye akanijibu kwa furaha ya mtu aliyeshinda: "Nilikuambia. Kimya hakina nafasi kwenye mchezo. Mia tatu mita, watu wataelewa tu."

"Weka msonyo," akasema Mama.

"Mama!"

"Si unataka sauti? Weka msonyo. Ninao mwingi."

Tukaurekodi, na sijui kama duniani kuna msonyo uliorekodiwa vizuri kuliko ule. Nikaugeuza, nikaupa jina, nikauingiza. Mita mia tatu, msonyo, kata kulia. Kilomita mbili, msonyo mrefu, shikilia njia yako. Nilicheka mpaka nikaacha usukani na lori likaingia kwenye shamba la watu. Mama alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Baba hakucheka. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, mikono yote miwili juu ya fimbo. "Hapo," akasema, "si mahali pa msonyo."

Tukamgeukia. Kwa mwaka mzima alikuwa akiuita mchezo ule midoli ya watoto.

"Utingo anataja umbali," akasema Baba. "Halafu pana nafasi. Halafu anataja upande. Hiyo nafasi ya katikati ni ya dereva. Huyo aliyeutengeneza hajui, lakini ndivyo ilivyo."

Mama alirudisha macho kwenye sindano yake. "Kwani kulikuwa na utingo?" akasema taratibu. "Mimi nilidhani kulikuwa na msindikizaji."

Nilitamani kutoka, ila waya wa kompyuta ulikuwa umepita miguuni mwangu na ukweli ni kwamba nilitaka kusikia. Baba akaiegemeza fimbo kwenye kiti.

"Siku ile niliona aibu," akasema. "Walikuwepo vijana, walikuwepo mameneja. Niliona nikisema kwamba mke wangu ndiye aliyekuwa utingo wangu, watacheka. Watasema mzee aliendeshwa. Nikaiangalia ile saa, nikasema moyoni, akimaliza huyu nitasema. Akamaliza. Sikusema."

"Hukusema," Mama akakubali.

"Na ulikuwa ukinisubiri."

"Nilikusubiri mpaka walipokunja viti."

Baba akashika fimbo, akasimama. "Nipe hiyo simu," akaniambia.

Hatukuchomoa friji wala hatukumfungia mtu jogoo. Baba hakuenea kabatini na goti lile, kwa hiyo alisimama mlangoni mwa kabati, kichwa ndani ya makoti, makalio nje, na Mama akasimama nyuma yake mikono kiunoni. Nikahesabu moja, mbili, tatu kwa vidole.

"Sawa, utingo," akasema Baba.

"Rudia," akasema Mama. "Umesema kama unaongea na kola ya koti."

"Sawa, utingo."

"Rudia. Huko barabarani kuna upepo, kuna injini, kuna lori la mbele linapiga honi. Wanakusikia?"

Baba alitoa kichwa, akamwangalia. Nikadhani sasa yameisha, atatupa simu. Alivuta pumzi, akakirudisha kichwa ndani, na akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu, sauti ya kushinda injini. "Sawa, utingo!" Hanga tatu za makoti zikaanguka. Jogoo wa jirani akaitikia.

"Hiyo," akasema Mama. "Chukua hiyo."

Alhamisi nilimpelekea Mhandisi mafaili yote hamsini na nane, yamegeuzwa, yamepimwa, majina yamenyooka. Alinipigia simu kabisa, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Dada, kazi nzuri, lakini hii 'sawa, utingo' ni nini? Kila mita mia tatu kuna mzee anapiga kelele."

"Ndiye dereva."

"Dereva ni mchezaji, dada yangu. Huwezi kumjibia mchezaji."

Hapo alikuwa na hoja, simdhulumu. Nikamwambia: "Anamfundisha. Akishajua kujibu mwenyewe, atajibu."

"Sikiliza. Nina sauti ya mashine hapa, msichana wa kompyuta, anasema mia tatu mita bila shida yoyote. Kesho nafunga. Toa yule mzee, weka mia tatu mita, la sivyo naweka ya mashine."

Nilikuwa dukani. Watu wanne walikuwa kwenye foleni na wote wananisikia, na sikujali. "Kaka," nikasema, "huyo bibi unayetaka kumbadilisha kwa mashine ameweka gogo nyuma ya tairi kwenye milima ambayo wewe unaichora kwa kipanya. Walimfuta mara moja kwenye daftari, na watu wakapiga makofi. Mara ya pili hafutwi, na si kwa mkono wangu. Weka msichana wako wa mashine. Mimi nitafunga cha kwangu."

"Hujui kufunga kifurushi."

"Nitajua kesho."

Nikakata simu. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Mwambie tena," ingawa hakujua ninaongea na nani wala habari ya nini.

Kufunga kifurushi hakukuwa rahisi kama nilivyojigamba. Ijumaa nzima nilikuwa nikinakili vyeti vya watu kwa mkono huu na kufunga makabrasha kwa mkono ule. Mara ya kwanza mchezo ulimrudisha mgeni mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu niliandika jina la kabrasha kwa herufi kubwa. Mara ya nne, ikiwa inakaribia saa kumi na moja, kifurushi kilitoka. Nikakiweka hadharani kwa jina langu mwenyewe. Kwenye sehemu ya maelezo, ambapo watu huandika shukrani ndefu, nilimpigia Baba nikamwuliza niandike nini. Akanitajia polepole, neno kwa neno, kama mtu anayejaza fomu ya polisi: "Sauti: utingo, miaka ishirini na miwili barabarani. Majibu: dereva wake."

Wiki ya kwanza walikichukua watu mia nne na kitu. Wengine walilalamika kwamba bibi anawagombeza. Mmoja aliandika kwamba yeye ni dereva wa kweli, ameegesha anasubiri mzigo, anacheza kwenye kompyuta ya mwenzake, na amejikuta anajibu kabla yule mzee hajamjibia. Nilimsomea Mama maneno hayo. Alisema, "Huyo anaijua kazi," akaenda kuangalia sufuria jikoni, na alikaa huko muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji.

Jumapili iliyofuata Mhandisi aliandika tena, kwa upole mwingi. Msichana wake wa mashine alikuwa amechekwa na kikundi kizima. Alitaka kutuingiza kwenye kifurushi kikubwa, sauti ya Mama yote, mita mia tatu na kila kitu. Alikuwa na sharti moja dogo tu: yule mzee atolewe, na kwenye majina, badala ya utingo, aandike "kwa msaada wa familia".

Niliusoma ujumbe huo kwa sauti pale sebuleni. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunja nguo, Baba kwenye kiti.

"Kwa msaada wa," Mama akarudia. Alikunja shati mpaka mwisho, akalipiga kofi likalala. "Mwandikie hivi. Hatusindikizi mtu."

Nikaandika, nikatuma. Baba alikuwa ameanza kucheka, kicheko kile cha kukohoa, akashika fimbo yake akanyanyuka kwenda kukimalizia kibarazani. Alikuwa anaelekea mlangoni huku anatikisa kichwa, hatazami chini. Mama hakuinua macho kwenye nguo.

"Kizingiti," akasema. "Hatua mbili."

Baba akasimama. Akanyanyua mguu.

"Sawa, utingo."